Naomba ushauri: mtihani wa GATE nikiwa mwaka wa tatu, nifanye au nisubiri?

Wakuu, habari zenu. Nasoma uhandisi wa mitambo Pune, India, mwaka wa tatu. Wenzangu bwenini wote wanajiandaa na GATE ya Februari, ule mtihani wa taifa wa India wa wahandisi. Wao hesabu zao nyepesi: mtihani mmoja, mtu anaombea uzamili IIT (vile vyuo vikuu vya teknolojia vya serikali ya India) na hapo hapo ajira kwenye mashirika ya umma. Sisi wageni ajira hizo tusahau, wanataka raia. Kwangu ni masomo tu.

Kinachonitesa ni kukatwa alama. Maswali 65, saa 3, na ukikosea swali la kuchagua la alama 2 unakatwa theluthi mbili ya alama. Jaribio la juzi nilibahatisha sana, nikaambulia 31 kati ya 100. Halafu kikokotoo ni cha kwenye skrini, unabonyeza kwa mausi namba moja moja hadi mkono unakufa ganzi!

Matokeo yanadumu miaka 3. Nijitose sasa, au nimalize shahada kwanza? Au niachane nayo niombe ufadhili wa ICCR, ule wa serikali ya India kwa wanafunzi wa kigeni? Mliowahi kuufanya, mlianza na hisabati au termodinamiki? Mzee nyumbani anauliza kila Jumapili, na mimi sina jibu.