Klabu ndogo, jukwaa tupu: tuwarudisheje watazamaji?

Swali, kutoka kwa Katibu Mpya

Ndugu zangu wapenda soka, nawasalimu nyote. Mwanzoni mwa msimu huu nilikabidhiwa ukatibu wa klabu ya daraja la chini, na jambo linalonikosesha usingizi ni idadi ya watu wanaokuja kututazama tukicheza nyumbani. Kwenye msimamo wa ligi tuko katikati, hatuwanii ubingwa wala hatuna hofu ya kushuka, na kikosi kinacheza vizuri kuliko misimu miwili iliyopita. Hata hivyo, Jumamosi iliyopita nilisimama nyuma ya goli nikahesabu watu 63, wakiwemo ndugu wa wachezaji wapatao kumi na watano ambao wangekuja hata kama tungecheza usiku wa manane. Nilihesabu tena, nikidhani nimeruka kundi fulani, nikapata 63 ileile.

Tulianza kwa kubandika mabango. Kisha tukapunguza kiingilio kwa nusu katika mechi mbili, na mwezi uliopita tukafungua mlango bure kabisa. Mechi ya bure ilileta watu wapatao mia tatu, na siku ile nilirudi nyumbani nikiamini kwamba dawa imepatikana. Mechi iliyofuata kiingilio kilirudi palepale, na watu nao wakarudi kuwa sitini na kitu.

Kamati yetu sasa imegawanyika. Wapo wanaotaka mlango ubaki wazi hadi mwisho wa msimu, na wapo wanaosema tusihangaike na lolote mpaka timu ishinde mfululizo, kwa kuwa ushindi ndio tangazo. Sioni kama upande wowote una haki yote, lakini nikiulizwa hoja yangu ni ipi nabaki kimya. Naomba uzoefu wenu: klabu isiyo na mdhamini mkubwa inawezaje kuongeza watazamaji, na zaidi ya hapo, inawezaje kumfanya aliyekuja mara moja arudi?

Jibu, kutoka kwa Mzee wa Getini

Ndugu Katibu, hongera kwa kazi uliyoipokea, na hongera zaidi kwa kuhesabu watu wewe mwenyewe. Nimesimama getini kwa misimu kumi na moja, na makatibu waliowahi kufanya hivyo niliowaona ni wachache mno.

Swali langu kwako ni moja: wale mia tatu walikuwa akina nani? Naamini huwezi kunijibu, na kosa si lako, kwa sababu mlango wa bure usio na utaratibu huwa haumuulizi mtu chochote. Mtu anaingia, anatazama, anaondoka, na klabu haibaki na jina lake, wala namba yake ya simu, wala habari ya nani aliyemleta. Mia tatu wamepita mikononi mwenu kama maji kwenye tenga.

Sisemi kwamba kutoa nafasi bila malipo ni kosa. Klabu ya Fortuna Düsseldorf ya Ujerumani, ikiwa daraja la pili, ilitangaza mwaka 2023 mpango wa kucheza baadhi ya mechi zake za nyumbani bila kiingilio, huku wadhamini wakifidia mapato. Mechi ya kwanza ya mpango huo ilichezwa Oktoba mwaka uleule dhidi ya Kaiserslautern. Wenyeji walikuwa nyuma kwa mabao matatu kwa bila, kisha wakashinda 4–3. Mechi ya namna hiyo hakuna katibu anayeweza kuipanga. Kinachoweza kupangwa ni utaratibu wao: aliyetaka tiketi alilazimika kuiomba kabla, kwa hiyo klabu ilijua ni nani aliyetaka kuja. Ninyi pia mngeweza kufanya hivyo kwa karatasi na kalamu tu.

Katika klabu yetu tuliweka daftari kwenye meza ya getini. Kijana mmoja aliyezoea kuzungumza na watu aliwauliza wageni mambo matatu tu: umejuaje kuhusu mechi hii, umekuja na nani, na mara ya mwisho ulikuja lini. Mwanzoni viongozi walilalamika kwamba tunachelewesha foleni, ingawa ukweli ni kwamba foleni yenyewe hatukuwa nayo. Baada ya mechi tano tuligundua kwamba karibu kila mgeni alikuwa ameambiwa na mtu anayemfahamu, na waliotaja mabango walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Tuliacha kuchapisha mabango. Badala yake kila aliyekuja mara mbili tulimpa tiketi moja ya kumpa rafiki, ikiwa na tarehe ya mechi maalumu na jina la aliyeitoa limeandikwa nyuma. Tiketi yenye jina la mtu haitupwi ovyo, maana anayeipokea anajua kwamba Jumatatu ataulizwa kama alikwenda.

Jibu, kutoka kwa Mama wa Kipa

Ninaandika nikiwa mtu wa upande wa pili wa geti, yaani yule mnayetaka arudi.

Miaka michache iliyopita mwanangu, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka minane, alinibembeleza wiki nzima nimpeleke kuona mechi ya klabu iliyo karibu nasi. Nilitafuta saa ya kuanza nikaipata kwenye ukurasa wao, tukajiandaa, naye akavaa glavu zake za ukipa tangu asubuhi. Tulipofika tulikuta geti limefungwa kwa ndani, na tukiwa tunatafuta wa kutufungulia tukasikia filimbi ya mwisho. Mechi ilikuwa imerudishwa nyuma kwa saa mbili, na hakuna aliyebadilisha tangazo. Niligonga, akatoka mtu mwenye fulana ya klabu, akasema, «Mechi imekwisha, mama», kisha akafunga tena. Mwanangu alivua glavu moja moja akazitia mfukoni, na ilichukua mwaka mzima kabla hajaniomba tena.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, kabla hujafikiria tangazo jipya, hakikisha kwamba saa ya mechi inapatikana mahali pamoja panapojulikana, na kwamba yupo mtu mmoja, mwenye jina, anayewajibika kuibadilisha dakika ileile ratiba inapobadilika. Inafaa zaidi ikiwa mechi zote za nyumbani zitaanza saa ileile ya siku ileile, hata mtu asiyesoma matangazo ajue kwamba akija atakuta mpira unachezwa.

Baadaye tulihamia klabu nyingine, na ndiyo tunayoishabikia hadi leo. Siku ya kwanza tulikuta ubao mlangoni umeandikwa kwa chaki majina na namba za wachezaji wote wa siku hiyo. Lilikuwa jambo dogo, lakini kufikia mapumziko mwanangu alikuwa anawaita wachezaji kwa majina, na mtoto anayemjua beki wa kushoto kwa jina atataka kumwona tena wiki ijayo. Vyoo vya wanawake vilikuwa safi na vilikuwa na maji. Nawaomba viongozi mnaosoma hapa msilipuuze hili la vyoo, kwa sababu familia nyingi huondoka mapumziko kwa sababu hiyo bila kuwaambia, na ninyi mnabaki mkidhani kwamba mpira haukuwafurahisha.

Kama mna timu za watoto, wapeni dakika kumi za kucheza uwanjani wakati wa mapumziko. Kila mtoto ataleta watu wazima wawili au watatu. Ila wachezesheni mara kwa mara, kwa zamu inayojulikana. Tumeona klabu zinazowaita watoto siku moja ya kupiga picha, kisha zinawasahau, na wazazi hulihisi hilo haraka sana.

Jibu, kutoka kwa Kocha wa Zamani

Dada yangu na Mzee wa Getini wamesema mengi ya kweli, lakini niruhusuni niwatetee wale wajumbe wanaozungumzia matokeo, kwa sababu nimefundisha timu zinazoshinda na zinazofungwa, na najua jinsi jukwaa linavyopungua baada ya vipigo vitatu mfululizo. Hata hivyo, nadhani wajumbe hao wanakosea kuhusu kile kinachomvuta mtazamaji. Mchumi wa Marekani, Simon Rottenberg, alieleza mwaka 1956, akizungumzia besiboli, kwamba watu hulipa kiingilio pale ambapo mshindi hajulikani kabla ya mchezo. Timu inayoshinda kila mechi kwa mabao sita nayo huwachosha watu wake. Kwa hiyo kazi ya katibu si kusubiri ushindi. Ni kumweleza mtazamaji ni nini kilichopo hatarini Jumamosi hii. Mkiwa katikati ya msimamo bado yapo ya kusema: timu inayokuja iliwafunga mzunguko wa kwanza, mshambuliaji wenu amebakiza bao moja kufikia idadi yake ya msimu uliopita, kijana wa miaka kumi na saba anaanza kwa mara ya kwanza. Tangazo lenye majina ya timu mbili na tarehe peke yake halimpi mtu sababu ya kutoka nyumbani.

Kuhusu kushuka na kufungwa, mfano ninaoupenda ni wa Bradford City ya Uingereza. Mwaka 2007 iliteremka hadi daraja la nne, wakati ambao klabu nyingi hupoteza watu. Wao walipunguza sana bei ya tiketi za msimu mzima, na katika msimu huo wa kwanza wa daraja la nne walipata wastani wa watazamaji zaidi ya 13,000 kwa mechi za nyumbani. Angalieni tofauti yake na mlango wa bure: mtu alilipa kidogo, lakini alilipa mapema na kwa msimu wote, kwa hiyo hata siku ya mvua alijiona ana kiti chake kinachomngoja. FC United of Manchester, iliyoanzishwa na mashabiki mwaka 2005, ilikwenda mbali zaidi ikawaachia mashabiki waamue wenyewe kiasi cha kulipia tiketi ya msimu, mradi wasishuke chini ya kiwango kilichowekwa. Ningeijaribu njia hiyo kabla ya kuondoa kiingilio moja kwa moja, kwa sababu kiingilio kikishaondolewa huwa vigumu kukirudisha bila manung'uniko.

Jibu, kutoka kwa Mzee wa Getini

Kocha amenikumbusha ratiba. Msicheze saa ileile na timu kubwa inayoonyeshwa kwenye televisheni, kama ligi yenu inaruhusu kuomba mabadiliko. Huko Uingereza, tangu mwaka 2010, ipo siku maalumu ya klabu za madaraja ya chini, na kwa kawaida hupangwa wikiendi ambayo madaraja ya juu yamesimama kupisha mechi za timu za taifa. Shabiki wa timu kubwa hana pa kwenda siku hiyo, naye huambiwa waziwazi: njoo kwetu leo, hatukuombi uache timu yako. Angalieni kalenda ya mechi za kimataifa, mweke mechi yenu bora zaidi katika wikiendi hiyo.

Jambo jingine ni kazi. Mashabiki wa Union Berlin, klabu ya Ujerumani, zaidi ya 2,000, walijitolea kuukarabati uwanja wao kwa mikono yao mwaka 2008 na 2009. Mtu aliyechanganya zege la ngazi anayoikanyaga hahitaji tangazo ili aje. Ninyi huenda mna ukuta wa kupaka rangi tu. Basi waiteni watu waupake, na mwaite hata yule aliyekuja mara moja.

Katibu Mpya, akijibu

Nawashukuru sana. Mama wa Kipa, nilipomaliza kusoma maelezo yako nilifungua ukurasa wetu na kukuta saa ya mechi ya wiki iliyopita ambayo haikuwa sahihi, jambo ambalo limenitia aibu na ambalo nimekwisha kulirekebisha. Kiingilio tutakibakiza, nami nitapeleka kwenye kamati pendekezo la tiketi ya nusu msimu kwa bei ndogo. Ubao wa majina utakuwapo mechi ijayo, timu ya watoto chini ya miaka kumi itacheza mapumziko, na daftari litawekwa getini. Nimebaki na swali moja dogo: nihesabu watu wakati gani ili nipate idadi ya kweli?

Jibu, kutoka kwa Mzee wa Getini

Hesabu mara mbili, Ndugu Katibu: dakika ya ishirini, wakati waliochelewa wameshaingia, na dakika ya sitini. Ikiwa hesabu ya pili ni ndogo, nenda kaangalie kilichotokea mapumziko, ukianzia vyooni kama dada alivyosema. Wazazi wa watoto waliocheza wahesabu peke yao, ili mechi inayofuata, ambayo watoto hawatacheza, ujue ni wangapi kati yao wamekuja kwa ajili ya timu ya wakubwa. Hiyo ndiyo namba ya kuipeleka kwenye kamati, hata ikiwa ni ya watu wanne.