Naomba ushauri: uzio unaziba njia ya duma Kajiado

Habari zenu ndugu. Ranchi yetu ya kikundi iligawanywa, kila mtu akapata hatimiliki yake, na sasa uzio wa waya unaongezeka kila msimu. Duma anahitaji eneo kubwa, na wengi wanaishi nje ya hifadhi, kwenye ardhi za watu kama sisi. Ukimzibia njia anabaki kuzunguka maboma, na kwa kuwa anawinda mchana, mbuzi wakiwa malishoni, ugomvi hauishi. Juzi tuliona nyayo zake, alama za kucha zikionekana wazi, zimefuata waya hadi kwenye kona kisha zikarudi. Iliniuma sana.

Tumekaa vikao na majirani. Wachache wamekubali kuacha wazi. Wengine wanauliza watapata nini, na wana haki. Tena makubaliano ya mdomo huvunjika shamba likiuzwa.

Je, kuna aliyewahi kusajili makubaliano ya uhifadhi kwenye hatimiliki, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, yakamfunga hata mnunuzi? Na kwa asiyekubali kung'oa uzio, waya wa chini uinuliwe kiasi gani duma apite bila mbuzi kutoka?

Natanguliza shukrani.