Alama ya chakula bora mbele ya pakiti: iwe hiari au lazima?

Wadau, naleta mjadala huu nikiwa na upande tayari. Alama ya lishe inayoachiwa hiari ya kampuni inanisaidia nusu tu, na nusu inayokosekana ndiyo ninayoihitaji zaidi.

Mama yangu ana presha na mimi ndiye ninayemnunulia chakula. Kila pakiti naigeuza nyuma kutafuta chumvi. Maandishi ni ya kukodolea macho, na mara nyingi hata neno chumvi halipo. Imeandikwa sodiamu, miligramu 400 kwa kila gramu 100. Uzidishe kwa 2.5 ndipo ugundue kuwa hiyo ni gramu nzima ya chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Nani anapiga hesabu hiyo dukani, kikapu mkononi?

Wanaotetea hiari wana hoja, siwabezi. Sweden ilianza na alama yake ya kijani ya tundu la ufunguo mwaka 1989 bila kumshurutisha mtu. Kampuni ikiitaka, inabidi ipunguze chumvi, sukari au mafuta mpaka bidhaa istahili, na faida hiyo humfikia hata mnunuzi asiyeitazama alama kabisa.

Ila pakiti isiyo na alama inaniambia nini? Huenda imejaa chumvi, huenda mwenyewe hakuomba tu. Australia na New Zealand wana alama ya nyota za lishe tangu 2014, kuanzia nusu hadi tano. Mwenye nyota nyingi hukimbilia kuzibandika. Mwenye nyota moja na nusu, mara nyingi, kimya.

Halafu vigezo anaweka nani? Marekani mwaka 2009 kampuni zenyewe zilikuja na alama ya Smart Choices, ikatua hadi kwenye Froot Loops, nafaka tamu za kifungua kinywa, ambazo zaidi ya theluthi ya uzito wake ni sukari! Mpango ulisimamishwa mwaka huohuo, baada ya mamlaka ya chakula na dawa kuanza kuhoji.

Chile walipitia njia nyingine. Tangu 2016 bidhaa iliyozidisha sukari, chumvi, mafuta mabaya au kalori hubeba pembenane nyeusi kwa sheria. Hapo hata pakiti isiyo na alama inasema kitu.

Najua wengine mtasema sheria ni kali mno. Basi tazameni alama ya herufi ya Ufaransa ya 2017, Nutri-Score: ni hiari, lakini kampuni ikishasajili chapa yake lazima iweke herufi kwenye bidhaa zote za chapa hiyo, kuanzia A nzuri hadi E mbaya. Haichagui za kuonyesha.

Hata hivyo, mwenye bidhaa za E tupu atabaki nje na hakuna wa kumuuliza. Mnaotaka hiari, huyo tunamfikiaje?