Nimempata mke wa mteja lakini naogopa kutoa mahali anakaa, naomba ushauri

Wadau naombeni ushauri, hii kitu imeninyima usingizi. Mimi ni mpelelezi wa kibinafsi hapa Nairobi, mwezi jana jamaa alinipa kazi nimtafutie bibi yake aliyetoka nyumbani na mtoto, akanilipa depo ya elfu 30. Jana nimempata Kayole anauza mandazi karibu na steji, mkono wa kushoto umefungwa plasta, na pikipiki ilipopiga honi yule mtoto akaruka kujificha kwa leso ya mamake. Jamaa aliniambia ni ugomvi mdogo tu wa nyumbani, sasa siamini tena. Najua kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha na kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, lakini kazi nilikubali na nusu ya pesa imeisha kwa mafuta. Nimrudishie niseme sikumpata, ama nimwambie wazi siwezi? Kudanganya mteja sijawahi. Na huyu mama, nimuonye ama nitamtia hofu zaidi? Kama kuna wakili hapa ama mtu amefanya hii kazi anisaidie, kesho jioni ndio tunaonana na jamaa.