Paneli ya "wati 300" kwa shilingi 145,000: ninunue au niache?

MkulimaWaKibakwe ameandika:

Wakuu, habari za kazi. Ninaishi katika kitongoji kimoja wilayani Mpwapwa ambako nguzo za TANESCO zimeishia barabarani, zaidi ya kilomita moja kutoka kwangu, nami nimechoka kuzisubiri. Mke wangu ana duka dogo lililoungana na nyumba, na kwenye kibaraza tumempangisha kijana anayenyoa nywele. Mahitaji yetu ni taa sita, televisheni ya inchi 32, chaji za simu za wateja wapatao kumi kwa siku, mashine ya kunyolea, pamoja na friji dogo la soda na maji. Friji ninalo tayari, ni la mtumba, na lebo ya nyuma inasema wati 90. Hilo ndilo tunalolitegemea kuleta fedha, hasa kuanzia Septemba joto linapopanda.

Wiki iliyopita nilikwenda Dodoma mjini kuulizia bei. Duka la kwanza walinionyesha paneli yenye stika ya wati 300 kwa shilingi 145,000. Duka la pili nikakuta paneli ya ukubwa ule ule, kwa macho yangu haikupishana hata kidole, lakini stika yake inasema wati 120 na bei yake ni 130,000. Niliporudi kumuuliza yule wa kwanza, alinijibu kwamba yake ni "teknolojia mpya". Nilipoikadiria kwa mkono, urefu ulikuwa kama mita moja na upana haufiki sentimita 70.

Bajeti yangu kwa kila kitu ukiacha friji ni shilingi milioni moja na laki sita. Naomba wenye uzoefu mnielekeze: je, paneli mbili zenye umbo moja zinaweza kutofautiana kiasi hicho? Na kwa fedha hiyo nitafika?

FundiWaBati ameandika:

Ndugu Mkulima, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa, maana wengi hutuita tukiwa tayari na mzigo juu ya paa na taa zinazima saa mbili usiku.

Jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Paneli hupimwa kiwandani chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi hugeuza kama asilimia 20 hadi 23 ya mwanga huo kuwa umeme. Kwa hiyo mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa wati 200 na ushei. Hiyo uliyoonyeshwa dukani, mita moja kwa sentimita 67 hivi, ina eneo la mita za mraba 0.67, na hata ingekuwa bora kuliko zote pale mjini isingefika wati 160. Ili itoe wati 300 ingelazimika kugeuza asilimia 45 ya mwanga, jambo ambalo hakuna paneli ya dukani inayoliweza. Unaponunua paneli, nenda na futi ya fundi cherehani mfukoni, kwa sababu stika huchapishwa popote lakini eneo la kioo halidanganyi.

Kipimo cha pili ni mita ya kupimia umeme, ile ndogo inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Mwombe muuzaji mtoe paneli juani kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, uielekeze kwenye jua, upime volti zake ikiwa haijaunganishwa na kitu, kisha uhamishie mita kwenye ampea 10 na uguse waya wa chanya na wa hasi wa paneli. Zidisha volti kwa ampea, halafu chukua robo tatu ya jibu. Hapo umeikaribia wati halisi. Paneli ya kweli ya wati 120 ya aina hiyo itakupa volti 22 hivi na ampea 6 au 7. Ingekuwa ya wati 300 kweli, ingetoa ampea kama 17 na kuunguza fyuzi ya mita yako, na sijawahi kusikia mteja akilalamikia jambo hilo. Tahadhari moja tu: kipimo hiki cha ampea ni cha paneli peke yake. Usijaribu kugusisha mita hivyo kwenye betri, utaiyeyusha mkononi.

Sasa tuje kwenye hesabu yako. Taa sita za wati 7 kwa saa nne ni wati-saa 168. Televisheni ya wati 45 kwa saa tano ni 225. Simu kumi nazikadiria 150, na mashine ya kunyolea 50. Hapo tuna kama 600. Friji la wati 90 halifanyi kazi muda wote, kwani kompresa huwaka na kuzima, lakini kwa joto la kwenu na mlango unaofunguliwa na kila mteja, lihesabie saa 11 au 12, yaani wati-saa 1,000 hivi. Jumla ni 1,600 kwa siku. Friji peke yake linakula kuliko vitu vingine vyote vikijumlishwa, nao wenye maduka wanaolifikiria mwisho hujuta mapema.

Jua la Dodoma hukupa saa tano za nguvu kamili kwa siku ya kawaida. Njiani kuna upotevu kwenye joto la paneli, nyaya, kuchaji betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230), hivyo usitegemee zaidi ya asilimia 70. Gawanya 1,600 kwa 5, kisha kwa 0.7, unapata wati 457. Mimi ningekushauri ununue paneli moja kubwa ya wati 550, yenye urefu wa mita 2.28 na upana wa mita 1.13. Mwezi wa tatu nilimnunulia mteja paneli mbili za namna hiyo Kariakoo kwa 280,000 kila moja, sawa na kama shilingi 510 kwa wati. Ile ya 145,000 ukiihesabu kwa wati zake za kweli unalipa zaidi ya 1,200 kwa wati. Paneli ndogo ndiyo ghali, ingawa bei yake inaonekana nafuu.

Paneli kubwa ina sharti lake. Hutoa volti 42 hivi ikiwa kazini na karibu 50 ikiwa haijaunganishwa, kwa hiyo ile chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) ya bei ndogo ya PWM, isiyoweza kugeuza volti za ziada kuwa ampea, haifai kabisa. Ukiiunganisha kwenye betri ya volti 12 utatupa zaidi ya nusu ya umeme. Chukua ya MPPT, inayoshusha volti na kuongeza ampea, ya ampea 40 inayopokea hadi volti 100. Nazo zina feki zake: kuna vijisanduku vyepesi vimeandikwa MPPT usoni na ndani ni PWM. Ya kweli huwa nzito, ina mapezi ya alumini mgongoni ya kupoza joto.

Inveta iwe ya wati 1,000 za kudumu, na iwe ile inayotoa wimbi laini kama la gridi, mafundi wanaiita pyua saini. Kompresa ya friji wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya wati zake kwa nukta moja, na inveta ya wimbi la ngazi, lisilo laini, inaweza kuifanya ingurume mpaka iungue.

Betri nitaiachia nafasi wengine, lakini nyaya siwezi kuziacha. Ukivuta ampea 10 za volti 12 kwenye waya wa milimita 2.5 kwa umbali wa mita 15, kwenda na kurudi, unapoteza volti 2 njiani, na volti 2 katika 12 ni kitu kikubwa. Weka kontrola, betri na inveta pamoja, waya wa betri kwenda kwenye inveta uwe mfupi na mnene, kisha umbali mrefu usafirishe kwa volti 230. Kwangua pia waya kwa kisu kabla ya kununua: kuna zilizopakwa shaba juu na ndani ni alumini nyeupe.

Paneli ielekee kaskazini kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, na iachwe nafasi ya kama sentimita 10 kati yake na bati ili hewa ipite. Na kama una mwarobaini karibu, angalia kivuli chake saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Tawi moja likifunika pembe ya paneli huweza kuondoa theluthi ya umeme.

MamaVifaranga ameandika:

Hamjambo. Mimi niko Kitengela, Kenya, ninafuga kuku, na nimepitia njia nyingine ambayo ndugu Mkulima huenda akashawishiwa nayo, ile ya kulipa kidogo kidogo kwa simu, ambayo imeenea sana kwetu kwa sababu ya M-Pesa. Miaka kadhaa iliyopita nilichukua mtambo mdogo kutoka kampuni moja ambayo sitaitaja: taa nne, redio na televisheni ndogo. Siwezi kusema haukunisaidia, kwa sababu siku hiyo nilikuwa na amana peke yake. Lakini nilipomaliza na kujumlisha malipo ya kila siku nilikuta nimelipa karibu mara mbili ya bei ya taslimu, na wiki mbili nilizokwama kulipa mtambo ulijifunga hata kama jua lilikuwa likiwaka. Tena mtambo wa namna ile hauwezi kuendesha friji. Kama una milioni na laki sita mkononi, nunua taslimu. Kama ungekuwa nazo nusu, ningekuambia uende kwenye chama au SACCO kabla ya kwenda kwa wakala.

Jambo la pili ni risiti. Dai risiti halali iliyoandika aina ya paneli, wati na namba ya utambulisho (serial number) iliyo kwenye fremu, si neno "solar" tu. Dhamana ya miaka 25 iliyochapishwa kwenye karatasi ya kung'aa haina maana kama duka haliwezi kukubali kwamba lilikuuzia.

Babu_Mkaa ameandika:

Ninataka kumjazia ndugu yetu upande wa betri. Mimi ni wa zamani, ninaamini betri za risasi, zile za gel za ampea-saa 200. Bei yake ni chini ya lithiamu, na ikifa unaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, unapata chochote. Hizi lithiamu ndani yake hatujui kuna nini.

FundiWaBati ameandika:

Mzee wangu Babu, shikamoo. Hoja yako ya chuma chakavu ni ya kweli, lakini hesabu nzima inamwendea kinyume mwenye friji. Betri ya risasi ya ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi, ila ukiitoa chini ya nusu kila usiku inachoka mapema, na kwa kazi ya friji nimeona zikifa ndani ya miaka miwili. Lithiamu ya chuma na fosfati ya volti 12.8 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280, na unaruhusiwa kutumia asilimia 80 kila siku kwa miaka mingi. Kuhusu kujua kilichomo ndani, tumia mizani: lithiamu halisi ya ampea-saa 100 ina kilo 10 hadi 12. Ukikuta ya kilo 5, hiyo ni nusu ya betri ndani ya kasha zima. Kwa betri ya risasi ya ampea-saa 100 tegemea kilo 27 hivi au zaidi.

Kwa Mkulima, matumizi yako ya usiku yatakaribia wati-saa 1,000 ukijumlisha upotevu wa inveta, kwa hiyo lithiamu moja itakutosha kwa kubana. Jaza friji chupa za maji, ziache zigande mchana wakati umeme ni wa bure, kisha zima friji saa nne usiku. Asubuhi soda bado ni za baridi.

MkulimaWaKibakwe ameandika:

Wakuu, nashukuru sana. Jana nilirudi Dodoma na futi pamoja na mita ya kuazima. Ile ya "wati 300" ina sentimita 102 kwa 67. Muuzaji alisitasita, baadaye akakubali tuitoe nje, saa saba mchana, anga safi bila wingu. Mita ilisoma volti 21.8 na ampea 6.6, na kwa hesabu ya Fundi hizo ni wati 108. Nilimwonyesha, akasema labda jua la leo ni dogo. Sikubishana naye.

Nimeagiza ya wati 550 kutoka Kariakoo, imefika kwa basi ikiwa imesimamishwa wima kati ya magunia ya nguo, kama nilivyomsihi kondakta, kwa maana niliambiwa ikilazwa na kuwekewa mizigo inapasuka ndani bila kioo kuonyesha. Betri nimeipima dukani, kilo 10 na gramu 800. Kontrola, inveta na nyaya vimekamilika, na nimebakiwa na 40,000 za fundi wa hapa kijijini, ambaye anakuja Jumamosi. Swali la mwisho: kwenye kontrola tunaanza kuunganisha nini?

FundiWaBati ameandika:

Betri kwanza, ili kontrola itambue kwamba ni mfumo wa volti 12, na uichague iwe ya lithiamu kwenye mipangilio. Paneli iwe ya mwisho, ikiwa imefunikwa kwa blanketi. Siku mtakapofungua kwa matengenezo, mtaanza na paneli, betri ifuate.