Kituo cha upasuaji kimejaa mabingwa, ila mgonjwa hana mwenyewe!

Wakuu, mtaniwia radhi nikipitiliza, nimekasirika kwelikweli.

Mzee wangu ana ngiri ya kinena. Tukampeleka kituo binafsi cha upasuaji, wale wanaojinadi kwamba mifupa, mishipa, tumbo, njia ya mkojo, vyote viko jengo moja. Na tulikichagua makusudi, maana daktari wa mishipa wa hapohapo ndiye aliyemwanzishia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, baada ya donge la damu mguuni. Tukajua watu hawa wanaongea. Thubutu!

Daktari wa ngiri alimpapasa, akamwambia akohoe, akaandika tarehe. Dawa hakuuliza. Nikamtajia dada wa mapokezi, akanijibu bila kuinua macho, "Iko kwenye sistimu."

Siku yenyewe mzee kafungishwa tangu usiku, hata tone la maji marufuku. Mwongozo unaofahamika ni masaa 6 kwa chakula na 2 kwa maji matupu, lakini nani atajisumbua kumpangia kila mgonjwa saa yake? Kavalishwa gauni, midomo imemkauka, yuko mlangoni mwa thieta, ndipo daktari wa usingizi, ambaye ndiyo kwanza anamwona, akamuuliza: "Baba, unatumia dawa gani?"

"Warfarini."

"Ya mwisho umemeza lini?"

"Jana usiku."

Yule mama daktari akafunga faili palepale. Upasuaji umeahirishwa. Huyo namshukuru mpaka kesho, maana ndiye pekee aliyefanya kazi yake. Warfarini kwa kawaida husimamishwa kama siku 5 kabla, kisha damu inapimwa INR kuona inagandaje, na wapo wanaohitaji sindano za heparini, nayo ya kuzuia damu kuganda, katikati. Hayo yanaamuliwa kliniki, mapema. Ile orodha ya kuhakiki usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya 2008, yenye vipengele 19, inaanza kusomwa mgonjwa akiwa tayari thieta. Haikuwekwa ili daktari asichukue historia!

Sasa sikieni kituko. Bili ikaja: maandalizi ya thieta, gauni, kitanda. Nikamfuata daktari wa ngiri, akasema suala la dawa muulize wa mishipa. Wa mishipa akasema upasuaji si wake. Uhasibu ndio wakanifumbua macho: kila daktari pale anajitegemea, wanakodi vyumba na thieta tu. Kumbe ni wapangaji waliogawana kibao cha nje! Kwenye matangazo lakini ni "timu yetu".

Nimeshaandika barua. Nataka hela ya thieta irudi, na nataka daktari mmoja, kwa jina na sahihi, aandike mzee aache warfarini lini na aianze tena lini. Bila karatasi hiyo harudi pale.

Kuna aliyewahi kurudishiwa hela kwa upasuaji ulioahirishwa kwa uzembe wao? Ulipitia wapi?