Bima ya mafuriko Marekani: kampuni binafsi zinalipwa kwa lipi?

Mdadisi: Wakuu, NFIP ni bima ya mafuriko ya serikali ya Marekani tangu 1968. Tangu 1983 kampuni binafsi zinaiuza kwa majina yao na kukagua hasara, lakini fidia inatoka mfuko wa serikali. Wao wanabaki na takribani asilimia 30 ya ada bila kubeba hasara yoyote. Waendelee?

Bi Hesabu: Hiyo 30 si faida tupu. Humo mna kamisheni ya wakala na kodi ya jimbo.

Kobe Mkavu: Tatizo ni watu kujenga mtoni halafu kulia. Ukitaka kuona maji dirishani, gharamia mwenyewe.

Mama T: Mtoni wapi? Nipo Houston. Kimbunga Harvey cha 2017 kilizamisha nyumba kibao zilizo nje kabisa ya ukanda wa hatari kwenye ramani, yangu ikiwemo. Tope lilifika kwenye soketi za ukutani.

Kobe Mkavu: Pole. Bima ulikuwa nayo?

Mama T: Nilikuwa nayo, tena bila benki kunilazimisha! Mkaguzi akapiga picha ule mstari wa tope, kisha makochi yakalipwa kwa bei ya uchakavu. Wewe unafundisha nani?

Wakili Msomi: Jamani, mada. Kampuni moja inakuuzia bima ya upepo kwa fedha yake na ya mafuriko kwa fedha ya serikali. Kimbunga kikipita, itasema nini kimebomoa nyumba? Baada ya kimbunga Katrina cha 2005, kampuni ya bima ya State Farm ilishtakiwa kwa mchezo huo wa kusingizia mafuriko ili serikali ilipe, na ikashindwa. Mahakama ya Juu 2016 haikuiokoa.

Bi Hesabu: Hukumu ile ilihusu nyumba moja, Wakili. Moja!

Wakili Msomi: Kwa hiyo wizi unaanzia nyumba ya ngapi, Bi Hesabu?

Kobe Mkavu: Bunge lilifuta deni la NFIP la dola bilioni 16 mwaka 2017, na bado wanadaiwa zaidi ya 20. Nani analipa? Sisi wa milimani.

Mama T: Kuta za kuzuia maji za New Orleans zilizopasuka wakati wa Katrina 2005 zilijengwa na wahandisi wa jeshi la serikali. Hilo nalo ni kosa la waliopenda kuona maji?

Kobe Mkavu: Mama, nani kataja New Orleans?

Bi Hesabu: Ulipotaja deni. Kipande kikubwa kinatoka huko.